Ati mimi nimekuja na boti ya saa ngapi?! Yule kijana wa kofia ya kijani leo kanivunjia heshima mbele ya mkwe

Mtoto_wa_Vuga

Wakuu, sitosalimia. Salamu nitatoa kesho nikishapoa.

Nimerudi kutoka mtaa wa Gizenga sasa hivi, mikono inatetemeka, chai nimeimwagia kisahani chote. Yule kijana. Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kila aliyewahi kupita Mji Mkongwe na mgeni anamjua: kofia ya kijani, miwani ya jua hata baada ya magharibi, sauti ya mnada wa samaki Darajani. Huyo huyo.

Leo kaniuliza mimi nimekuja Unguja na boti ya saa ngapi, kama mgeni wa kutoka bara.

Mimi! Boti!

Mkwe wangu, mama yake mke wangu, kaja kutoka Maskati wiki iliyopita. Mama huyu aliondoka hapa 1964 akiwa msichana mdogo, sasa anataka kuona kila kitu, mlango kwa mlango. Namtembeza pole pole, tunaingia Gizenga, tukakuta kundi la Wataliano limesimama jua la utosi, na yule kijana kapanda juu ya baraza anawahubiria habari za Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza aliyezaliwa hapa Unguja. Mkwe akasema tusimame tusikilize. Tukasimama.

Wakuu, uongo nilioukuta pale ukiutia guniani gari la ng'ombe halivuti. Ati Freddie kazaliwa chumba kile cha juu, dirisha la kushoto, na kilio chake cha kwanza kilisikika mpaka Changuu. Dirisha lenyewe ni la stoo ya vinyago! Ati baba yake alikuwa tajiri wa karafuu, mashamba mpaka Pemba. Ati kuimba kajifunzia kwenye taarab, akikaa nyuma ya mpiga ganuni. Ati usiku wa Mapinduzi kaondoka chombo kimoja na Sultani, gitaa mkononi. Na Mtaliano mmoja anaandika kwenye daftari. Anaandika!

Nikavumilia. Alipofika kwenye ile "Bismillah" iliyomo ndani ya Bohemian Rhapsody, akasema Freddie kaipata chuoni Vuga. Chuo nilichochapiwa bakora mimi! Hapo nikashindwa. Nikainua mkono kwa adabu, nikasema kwa Kiswahili ili nisimuaibishe mbele ya wageni wake: "Mwanangu, Freddie alikuwa Parsi, dini yao Uzoroasta. Jina lake Farrokh Bulsara, kazaliwa hospitali ya serikali tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia Mahakama Kuu."

Kijana akanyamaza. Akanitazama kuanzia makubadhi mpaka kofia. Halafu, kwa sauti ile ile ya mnada: "Samahani mzee wangu, kwani wewe umekuja na boti ya saa ngapi?"

Mapapasi wote, wale vijana wa kutembeza watalii, pale pembeni wakaangua kicheko. Muuza madafu panga limemganda hewani. Na mkwe wangu, wakuu. Mkwe wangu kacheka. Kacheka mpaka kajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Boti ya saa ngapi! Mimi niliyezaliwa hospitali ile ile, hii tunayoiita Mnazi Mmoja! Kitovu changu kimezikwa Vuga, cha baba yangu kimezikwa Vuga, cha babu yangu kikitafutwa kitakutwa Vuga! Boti nimepanda mara nne tangu nizaliwe, zote za kwenda kuzika watu.

Na uongo wa nini, kwani? Maisha ya kweli ya yule mtu hayatoshi? Mtoto wa keshia, miaka minane, anapelekwa skuli ya bweni Panchgani kule India, bahari nzima kati yake na mama yake. Huko anaunda bendi na wenzake wa skuli, The Hectics, yeye kwenye piano. Anarudi Unguja 1963, hajazoea hata ladha ya maji, Januari 1964 Mapinduzi hayo, na mwaka huo huo familia inahamia Feltham, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Anasoma uchoraji chuo cha sanaa Ealing, anauza nguo kuukuu na Roger Taylor soko la Kensington. 1970 anaungana na huyo Taylor na Brian May, anawapa jina Queen, na nembo ya bendi anaichora kwa mkono wake, kila mmoja na nyota yake ya kuzaliwa: simba wawili, kaa wa Saratani, na vibinti wawili wa Mashuke kwa ajili yake yeye mwenyewe wa Septemba. 1975 wanatoa hiyo Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita, wakaambiwa redio haziwezi kuupiga mrefu vile. Ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa! Mali yote hiyo umepewa bure, wewe unachagua gitaa kwenye chombo cha Sultani?

Nimefika nyumbani, mke wangu kafungua mlango, hata karibu hajasema: "Leo boti imechelewa?"

Mama yake keshampigia simu.

Huyu kijana afanywe nini? Nauliza kwa dhati kabisa.

Kokwa_la_Embe

Pole sana ami. Lakini hujajibu swali. Ya saa ngapi?

Pweza_Mkavu

Namjua huyo! Mwezi uliopita kasimama mbele ya nyumba yetu na Wajerumani, anawaambia mlango ule una miaka mia tatu na Freddie alikuwa akiupita kila asubuhi kwenda skuli. Mlango baba kauchongesha 1998, risiti ya fundi ninayo kabatini. Mama katoka kufagia, kijana kamwambia Mjerumani "huyu ndiye yaya wake Freddie". Mama ana miaka hamsini na mbili! Kapigwa picha kumi na moja na ufagio mkononi.

Msafiri_wa_Kigamboni

Samahani wakuu, naomba kueleweshwa. Kuja na boti ni tusi tangu lini? Mimi nimekuja na boti 2009, nimeoa Mpendae, watoto watatu, kodi ya nyumba nalipa. Mzee anaongea kama kaambiwa kaja na mbu kwenye tairi.

Mtoto_wa_Vuga

Kigamboni, sijakukusudia wewe. Wewe ulikuja na boti kweli, karibu sana, hapa ni kwako. Mimi SIKUJA na boti. Hilo tu ndilo ninalolilia.

Msafiri_wa_Kigamboni

"Karibu sana" baada ya miaka yote hii na watoto watatu. Ahsante.

Kinanda_Kimoja

Mzee, umesimulia mpaka 1975 ukaishia hapo kama umeishiwa mafuta. Live Aid je, lile tamasha la hisani? Tarehe 13 Julai 1985, Wembley, watu zaidi ya elfu sabini, Queen wamepewa dakika kama ishirini tu. Mtu kavaa fulana nyeupe na jinzi, kashika kipande cha stendi ya maikrofoni, anarusha "eee-oo" na uwanja mzima unamjibu kama darasa la kwanza. Mimi nikiona ile video nasimama. Peke yangu sebuleni, nasimama.

Lakini na nyie watu wa Unguja mniache niseme. Nimekuja mapumziko siku tano (ndiyo, na boti), kila hoteli ina picha yake ukutani, kila mgahawa una soda yenye jina lake, na sikusikia wimbo wake hata mmoja mzima. Nimesikia wimbo mmoja tu, nusu, umepigwa kwa filimbi ndani ya hoteli. Mnagombania dirisha la stoo na muziki hamuugusi!

Pweza_Mkavu

Muziki tuuguse vipi? 2006 ilipangwa sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya kidini ikapinga, ikafutwa. Leo makumbusho yake iko Shangani tangu Novemba 2019 na foleni ya wageni mlangoni.

Mkaguzi_wa_Mambo

Mnaimba sifa tu, hakuna anayetaja Sun City, ule mji wa starehe. Oktoba 1984, Afrika Kusini ya makaburu, wanamuziki wenzake wamesusia, yeye na Queen wakaenda kupiga. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Mtoto wa Afrika huyo mnayemlilia. Hasira zenu zielekezeni huko, si kwenye boti.

Mtoto_wa_Vuga

Mkaguzi, Sun City ni kweli na walikosea, sitowatetea. Fungua uzi wako nitakuja kukuunga mkono. Hapa nimeulizwa mbele ya mkwe nimekuja na boti ya saa ngapi, na nyinyi mnanipeleka Afrika Kusini.

Kokwa_la_Embe

Afrika Kusini huendi na boti ami, hiyo ni ndege.

Wa_Jogoo_Road

Nyinyi Wazanzibari mnalia mkiwa mmeshiba. Sisi huku Nairobi tuna Roger Whittaker, amezaliwa hapa hapa 1936, amepiga mbinja dunia nzima, ameuza rekodi mamilioni, ameimba kabisa kwamba nchi yake ni Kenya. Uliza kijana yeyote hapa Moi Avenue Roger ni nani, atakwambia yule wa tenisi. Hakuna dirisha, hakuna baraza, hata tapeli wa kutudanganyia watalii juu yake hatuna. Nipeni huyo kijana wenu wa kofia ya kijani. Namchukua leo, nauli juu yangu.

Malkia_wa_Chumbuni

Wanaume mmekusanyika kumlilia Freddie, sawa. Freddie kaenda India kusoma. Siti binti Saad kaenda India kuimba: Bombay, 1928, kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, mwanamke aliyezaliwa Fumba akauza vyungu kwa kutembea kwa miguu mpaka mjini. Nani kati yenu kampeleka mkwe wake Fumba? Hakuna. Mnakwenda Gizenga kutafuta boti.

Kinanda_Kimoja

Malkia, mimi ningeenda, sikuambiwa. Nimeambiwa twende kuona kobe.

Baba_Tatu

Mie nina swali tu, msinipige. Ni kweli alikuwa na meno ya ziada?

Kinanda_Kimoja

Kweli. Manne, nyuma ya meno ya mbele, ndiyo yakamsukuma yale ya mbele nje. Hakutaka kuyang'oa akihofia sauti itaharibika. Ndiyo maana picha nyingi anafumba mdomo au anaufunika kwa mkono.

Baba_Tatu

Na mimi ninayo mawili. Daktari kanitajia laki nne. LAKI NNE kwa jino ambalo ni langu. Hao ndio wa kufunguliwa uzi.

Maskati_Yetu

Salaam aleykum kutoka Maskati. Samahani mwenye uzi, mkwe wako si ndiye khalati yangu? Maana saa tisa hii imeingia sauti kwenye kundi la familia, mama mmoja anasimulia mkwewe kaulizwa boti ya saa ngapi, anashindwa kumaliza kwa kicheko. Imeshafika Salala na Dubai.

Mtoto_wa_Vuga

La ilaha illallah.

Sasa nisikilizeni, maana mnadhani nagombania dirisha. Novemba 1991 nilikuwa na miaka 19. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kaseti moja ya Queen kaletewa na baharia, tumeipiga mpaka utepe ukawa unakwaruza. Tarehe 23 yule mtu akatangaza kwamba ana UKIMWI. Tarehe 24 keshafariki, nyumbani kwake Kensington, miaka 45. Siku zile mtaani neno lenyewe halitajwi, mtu akifa ukoo unasema malaria. Yeye kalisema dunia nzima ikasikia. Kaka yangu kaikalia ile redio kimya, halafu kaniambia: "Huyu ni wetu, kazaliwa pale Mnazi Mmoja kama wewe." Kaka naye keshatangulia. Kwa hiyo nikisikia mtu amesimama barazani anamtungia yule mtu gitaa na Sultani, kwangu mimi ni kama kachezea maiti wa nyumbani kwetu. Halafu huyo huyo ananiuliza mimi...

Pweza_Mkavu

Pole ami. Hili nalo ungelianza nalo.

Msafiri_wa_Kigamboni

Pole mzee. Nimekusamehe ile "karibu sana".

Malkia_wa_Chumbuni

Mungu amrehemu kaka. Jumapili mlete mkwe Fumba, nitakupeleka mwenyewe.

Shemeji_wa_Tandika

Wakuu samahani naingilia, niko Malindi hapa bandarini, niko nje ya mada kidogo. Boti ya saa kumi leo inaondoka au imeahirishwa? Dirishani hakuna mtu.

Kokwa_la_Embe

Hatimaye mwenye boti kapatikana! Kijana wa kofia ya kijani aitwe.

Msafiri_wa_Kigamboni

Ipo ila bahari imechafuka. Kaa chini, nyuma, katikati. Ukikaa juu mbele utaijutia. Na mizigo waangalie, juzi wamenitoza begi dogo kama nimebeba jokofu.

Baba_Tatu

Mizigo! Mimi wamenitoza kuku. Kuku mmoja, kafungwa miguu, nimempakata mwenyewe.

Wa_Jogoo_Road

Kuku mnalipia kiasi gani huko? Sisi kwa matatu akikaa kitini analipa kama abiria.

Shemeji_wa_Tandika

Nimepata tiketi, chini nyuma. Nani anajua dawa ya kichefuchefu zaidi ya ndimu?

Malkia_wa_Chumbuni

Tangawizi mbichi, tafuna usimeze. Na usitazame dirishani.