Kuanika juani, kuchemsha au klorini: kipi kwa maji ya kunywa?

Mchotamaji: Wadau, naomba ulinganisho. Kaya ya watu 5, maji ya kisima cha wazi, mvua ikinyesha yanaingia tope. Kuni adimu. Je, chupa za kuanika juani zinatosha, au bora klorini?

Anika_Bati: Zinatosha, mradi maji yawe maangavu. Pima hivi: simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, chungulia kupitia mdomo wa chupa hadi kitakoni. Herufi zisiposomeka, usianike. Kinachoua vijidudu hasa ni miale ya UV-A (sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho), na chembe za udongo huwapa kivuli.

Tumia chupa za plastiki aina ya PET (namba 1 ndani ya pembetatu), zisizo na rangi, za lita 2 au pungufu, kipenyo kisizidi sentimita 10. Bandua lebo, osha kwa sabuni. Jaza robo tatu, funga, tikisa sekunde 20 ili hewa ichanganyike na maji, kwani oksijeni huongeza nguvu ya miale. Kisha jaza hadi juu, uzilaze kwenye bati tangu asubuhi kwa muda wa saa 6. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, ziache siku 2 mfululizo. Mvua ya kutwa nzima? Siku hiyo chemsha.

Kwa watu 5, lita 2 kila mmoja, unahitaji chupa 5 za lita 2 kwa siku. Weka 10: seti moja inanywewa, nyingine iko juani.

Dozi_Sahihi: Hesabu ni nzuri, lakini jua halibaki ndani ya maji. Ukiyamimina kwenye mtungi mchafu au mtu akachovya kikombe, umerudi mwanzo. Klorini hubaki ikilinda. Tumia dawa ya maji ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala sabuni, yenye hipokloriti (kiambata cha klorini kinachoua vijidudu) asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita 1, koroga, subiri dakika 30. Harufu hafifu ya klorini isiposikika, rudia dozi na usubiri dakika 15 zaidi. Dawa iliyokaa muda mrefu juani au bila kifuniko hupoteza nguvu. Hapo ndipo wengi hukosea, wanahesabu matone ya dawa iliyokwisha kufa.

Anika_Bati: Kweli, ndiyo maana maji ya juani hayahamishwi. Yakae kwenye chupa ileile, yamiminwe moja kwa moja kwenye kikombe safi.

Sufuria: Msisahau Cryptosporidium, kimelea kidogo cha majini kinacholeta kuhara. Klorini kwa dozi ya nyumbani haimwezi, na juani huchelewa kufa kuliko bakteria wengi. Maji ya mtoto mchanga au mgonjwa mwenye kinga dhaifu, chemsha: yakitokota kwa nguvu, dakika 1, ukiwa juu ya mita 2,000, dakika 3. Kuni chache mlizonazo zielekezwe huko.

Mchotamaji: Na tope nifanyeje?

Dozi_Sahihi: Yatuamishe usiku kucha kwenye ndoo yenye kifuniko, mimina ya juu taratibu bila kutibua mashapo, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara 4. Pima tena kwa gazeti. Tope nalo hula klorini, kwa hiyo hatua hii huikwepi kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Ila kama kisima kina floridi, aseniki au dawa za shambani, hakuna kati ya hizi tatu inayoziondoa. Kuchemsha huzikoleza kwa sababu maji hupungua.

Mchotamaji: Naweza kuziweka dirishani, ndani ya nyumba?

Anika_Bati: Hapana, kioo cha dirisha hupunguza miale. Ziwe nje, mahali ambapo kivuli cha mti au ukuta hakitazifikia hadi jioni. Chupa za kijani au kahawia usitumie kabisa, na iliyochubuka hadi kufifia badilisha.