Huyu fundi wa kompyuta aniombe radhi mbele ya mtoto wa fotokopi

Wakuu, nimetoka dukani kwake sasa hivi, mikono bado yatetemeka. Mnamjua. Sitaji jina. Yule wa "njoo kesho inshallah".

Nilimwambia nahariri video za harusi, nataka ramu gigabaiti 64. Akanipa DDR5, pakiti mbili za vijiti viwili viwili, kila kijiti 16, kila pakiti imeandikwa spidi 6000. "Jaza nafasi zote nne," akasema, "meza ya miguu minne haianguki." Wallahi maneno yake hayo.

Nikajaza, nikawasha. Skrini nyeusi. Nimeoga, nimeswali, nimekula wali, nimemsindikiza mgeni hadi stendi, bado nyeusi. Ilipowaka nikaingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya ndani ya mashine, nikawasha EXPO, ile ya kuipandisha ramu hadi spidi iliyoandikwa. Skrini ya buluu. Nikashusha 5600, ikakubali, lakini kila bibi harusi akiingia ukumbini, paap, imejizima. Maskini ameshaingia mara elfu moja na hajaketi bado. Haitulii mpaka nishuke 3600. Nililipia 6000 jamani!

Nikabeba CPU nzima kwa tuktuk, nikamweleza kwa adabu. Akanitazama juu chini, duka limejaa watu, akasema: "We nawe tamaa. Harusi za Muyeye zataka spidi ya nini?"

Na mtoto aliyetumwa kufotokopi kitambulisho cha babake akacheka. Mtoto! Kamasi mpaka hapa, aicheka ramu yangu! Pesa nimesamehe. Lakini kile kicheko?

Jino_la_Papa: 😂😂😂 Huyo mtoto apewe soda.

Waya_Mbovu: Mkuu, prosesa yako ni Ryzen 7000, sivyo? AMD wenyewe kwa vijiti viwili wanaahidi 5200, ukijaza vinne wanashuka hadi 3600. Nafasi ni nne lakini njia za ramu kufika kwa prosesa ni mbili. Kila njia ikibeba vijiti viwili mawasiliano yachafuka, na spidi ikipanda ndiyo yazidi kuchafuka. Hiyo 6000 ni ya pakiti moja ikiwa peke yake, hakuna aliyezijaribu mbili pamoja. Ile skrini nyeusi ya mwanzo nayo si ugonjwa, ni mazabodi yajipima na ramu mpya. Rudisha zote, chukua vijiti viwili vya 32, weka nafasi ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa.

Mhariri_Harusi: Nani amekuuliza njia? Mimi nasema nimechekwa.

Bi_Mahamri: Subiri kwanza. Hiyo harusi ya Muyeye ni ya dada yangu. Video iko wapi? Na ukumbini aliingia mara moja tu.

Mhariri_Harusi: Dada, muulize fundi.

Bi_Mahamri: Fundi ndiye niliyemlipa?

Ngalawa2: Afadhali wewe umeongezewa. Mimi huyohuyo nilimpelekea laptopu aitoe chumvi, ikarudi ramu imepungua kutoka 8 hadi 4. Nilipomuuliza akasema ni hewa ya bahari.

Jino_la_Papa: Hewa ya bahari yajua kutumia bisibisi 😭

Mhariri_Harusi: Mnaona sasa! Na hapo hakukuwa na mtoto. Mimi kulikuwa na mtoto.

Waya_Mbovu: Kabla hujarudi kwake, acha MemTest86, programu ya kupima ramu, ipime usiku kucha kwa hiyo 5600. Ukiona kosa hata moja tu, mpigie picha.

Ngalawa2: Usiku kucha na stima hii?

Jino_la_Papa: Usinikumbushe. Shela hatuna stima tangu adhuhuri. Changu wangu wanaozea frijini, nani atanilipa?

Bi_Mahamri: Shela ya Malindi ama ya Lamu?

Jino_la_Papa: Ya Malindi, dada. Lamu nifuate nini?

Mwana_wa_Mkomani: Rudia hapo.

Mhariri_Harusi: Jamani, uzi ni wa ramu.

Mwana_wa_Mkomani: Ngoja kidogo ami. We Papa, nimesema rudia hapo.