Siku ya Nguo za Nyumbani

Kikundi: Jamaa wa Mkomani, Lamu
Ijumaa

Mama Nuru: Assalaam alaykum jamaa. Nuru amerudi shule analia. Leo wamefunga muhula, wakaambiwa waende na nguo za nyumbani. Alivaa fulana ndefu inayomfika karibu na magoti, taiti nyeusi na mtandio. Mwalimu mmoja akamsimamisha mbele ya wenziwe, akamwambia nguo ile yamchora mwili, abaki darasani wenziwe wakicheza. Ana miaka minane.

Shangazi Malindi: Waalaykum salaam. Pole mwanangu. Amekula?

Mama Nuru: Kidogo. Yuko kwa Bibi, amelala.

Baba Twaha: Laa ilaaha illallah. Siku ya kufunga shule, mtoto akalishwe ndani peke yake!

Ami Swaleh: Pole mama. Namna alivyoambiwa mtoto siitetei. Lakini tuseme kweli, taiti si nguo ya kutokea. Ni nguo ya kuvaa ndani. Mji wetu huu watu huutazama kwa heshima yake, na heshima yenyewe huanza na hawa wadogo. Leo taiti, kesho atataka kitu kingine.

Mama Nuru: Ami, kwa heshima yako. Hiyo taiti ilikuwa ndani, fulana iko juu yake. Asingeivaa angeruka kamba vipi? Rinda likipepea chupi iko nje. Mimi humvalisha taiti ili asitirike. Hata chini ya sare huivaa kila siku, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniita.

Baba Twaha: Hilo nimeliona kwa wanangu. Wakienda michezo Mokowe, ng'ambo ya bara, pale jeti mguu mmoja uko ngazini, mwengine kwenye boti, na maji yamekupwa. Mabaharia wako chini wanawapokea. Msichana aliye na rinda tupu hushuka kwa hofu, ameshika nguo kwa mkono mmoja. Aliye na taiti hushuka mikono yote miwili ikiwa huru. Mimi ni baba, natulia nikimwona wangu ameivaa.

Ami Swaleh: Sawa, lakini kuna deraa. Kuna abaya za watoto pale Langoni, bei si kubwa. Kwa nini asivae hizo?

Mama Nuru: Deraa akimbilie wapi nalo, Ami? Walikuwa wacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kuruka kamba. Na abaya nyingi za watoto ni poliesta. Joto hili la kabla ya masika nalijua mimi ninayeziosha zikirudi zimelowa jasho. Eid anavaa, Maulidi anavaa na anapenda. Kwa kucheza nataka kitambaa cha pamba na nguo isiyomkwaa miguuni.

Ustadhi Bakari: Ami, ruhusa nichangie. Mtoto wa miaka minane hajabaleghe, taklifu, yaani wajibu wa kisheria wa dini, haijamfikia. Tunamzoesha, kama tulivyofundishwa kuwaamrisha watoto swala wakifika miaka saba. Wanafunzi wangu wa madarasa nimewaona: ukimwambia mtoto kwa upole vazi atalipenda, ukimwaibisha atalivaa mbele yako na kulivua akipinda kona. Ama vazi la mwanamke aliyebaleghe, tunajua lisibane wala lisiwe jepesi la kuonyesha ndani. Sasa huyu juu amevaa fulana pana na ndefu. Taiti ni ziada ya sitara. Ingekuwa taiti na kifulana cha kuishia kiunoni, ningekuwa na la kusema, na ningemwambia mama yake, si yeye.

Ami Swaleh: Hapo kwenye fulana fupi ndipo hofu yangu ilipo. Mwalimu ameona wangapi siku ile? Huenda alichoka.

Shangazi Malindi: Mimi ni mwalimu, Ami, acha nikwambie yanavyokuwa. Siku kama hiyo unapokea fulana za kuonyesha kitovu, singlendi, jinzi zenye matobo mapajani, viatu vya kisigino kwa mtoto wa gredi ya 3. Hapa Malindi tuna watoto wa Kigiriama, Waswahili, Wabajuni, wa bara, kila nyumba na mazoea yake, na baharini wanawaona wageni walivyovaa. Kama shule haikuandika chochote, kila mwalimu hupima kwa jicho lake. Huyu amepita getini, ndani anarudishwa na mwengine. Na jicho lina tabu moja nimeiona miaka mingi: wasichana wakivaa nguo sawasawa, anayeitwa mbele ni aliyejaa mwili. Mwembamba haonekani.

Mama Nuru: Shangazi, umenifikia pale panaponiuma. Rafiki zake walivaa taiti vilevile. Hawakuambiwa kitu. Nuru ni mnene, mnamjua, amechukua mwili wa kwetu. Aliponisimulia alisema, "Mama, mimi mbaya?" Sikuwa na hasira ya taiti. Nina hasira kwamba mtu mzima amemtazama mtoto wa miaka minane, akaona mwili kabla ya kumwona mtoto, kisha akausema mbele ya darasa zima, wavulana wamo. Sasa amejua kitu juu ya mwili wake ambacho jana hakukijua. Mimi nitakiondoaje?

Baba Twaha: Allah amponye moyo. Hilo halikubaliki kabisa.

Ami Swaleh: Hilo la rafiki zake sikulijua. Hilo limenigusa.

Mama Nuru: Na wavulana walikuja na kaptula juu ya magoti, na suruali zilizoshuka chini ya kiuno. Walicheza mpaka kengele.

Salma: Shikamooni nyote. Nimesoma yote nikiwa Mombasa. Kisheria, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kutendewa kwa namna ya kumdhalilisha, iwe kwa mwili au kwa akili. Mwalimu anaweza kusimamia mavazi, lakini kumwaibisha mtoto hana ruhusa. Kuna na jambo la Isiolo nataka mlikumbuke. Wasichana Waislamu wa shule moja ya sekondari kule waliomba wavae hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Suruali, Ami, kwa ajili ya kujisitiri. Mahakama ya Rufaa iliwapa haki 2016, kisha Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi ule Januari 2019 kwa sababu ya namna madai yalivyowasilishwa. Wasichana wale walipigania kufunikwa miguu mpaka mahakama ya mwisho ya nchi. Huyu wetu amefunika miguu yake, naye akaadhibiwa kwa hiyo miguu.

Ustadhi Bakari: Hapo umesema, Salma.

Zuhura: Bibi amesomewa ujumbe wote. Asema niandike kama anavyosema, nisibadilishe:

"Wanangu, mimi nimekua na buibui la kamba. Mamangu alinihadithia za shiraa, wake wa kiungwana wakitoka ndani ya nguo kana hema, watumwa wameishika pande zote. Na wale walioishika, hawakuwa na ruhusa ya kuifinika (kujifunika) kama wale wa ndani. Buibui likaya (likaja), kula mtu (kila mtu) akavaa. Basi mavazi ya muyi huu yamegeuka mara nyingi na mimi sijafa. Nisiloliona zamani ni hili la yeo. Zamani ukimwona mwana wa mtu ndiani nguo imepanda, wamwita kando, wamfunga leso yako, wampeka kwao. Humkemei mbee za watu. Swaleh, wewe mwenyewe ulirudi kwetu umefungwa leso ya mke wa jirani, suruali imekupasuka Mkunguni. Hakuna aliyekuteka (aliyekucheka)."

Ami Swaleh: Nakumbuka, mama. Ni kweli.

Ami Swaleh: Basi nisikilizeni. Mimi bado nasema fulana ifike magotini, na taiti peke yake isiwe nguo ya shule. Hapo sisogei. Lakini mtoto aliyevaa kama Nuru hakuvunja kitu, na hata angevunja, haikuwa haki kumkalisha ndani. Nitakwenda na wewe kwa mwalimu mkuu.

Mama Nuru: Ahsante sana, Ami. Hata mimi nakubali fulana iwe ndefu. Nilitaka tu sheria iandikwe kabla, tuisome, ili mtoto asiijue kwa aibu.

Shangazi Malindi: Andikeni barua fupi, bila matusi, bila jina la mwalimu. Ombeni muhula ujao shule ituletee karatasi kabla ya siku ya nguo za nyumbani: fulana au gauni lifike wapi, taiti ruhusa chini yake, tumbo na mabega yafunikwe, na wavulana nao waandikiwe yao. Asiyefuata aitwe kando na mwalimu wa kike, asitiriwe, apigiwe mzazi simu, kisha arudi acheze. Neno juu ya umbo la mtoto lisitoke mdomoni mwa mwalimu yeyote. Kwangu tulipoandika hivyo, ugomvi wa getini ulipungua sana, hata walimu walipumua.

Salma: Naiandika usiku huu naitia hapa muisome. Kifungu cha 36 nakitaja mara moja tu, tusiwatishe.

Ustadhi Bakari: Na mwalimu mwenyewe tuzungumze naye kwa wema. Nampata Ijumaa msikitini. Amuombe mtoto radhi, kwa faragha kama atapenda.

Mama Nuru: Hilo la radhi ndilo Nuru analolihitaji zaidi ya barua, Ustadhi.

Ustadhi Bakari: Basi sitangoja Ijumaa. Namtafuta kesho baada ya alasiri.

Ami Swaleh: Mwalimu mkuu yuko ofisini Jumatatu anamaliza kazi za kufunga. Tukutane nje ya shule saa tatu asubuhi. Baba Twaha, na wewe uje, umweleze hayo ya jeti.

Baba Twaha: Nitafika in shaa Allah.

Zuhura: Bibi asema mkienda mchukue na leso, ziwekwe ofisini kwa mtoto atakayehitaji. Yeye atoa jozi.

Mama Nuru: Mimi jozi.

Salma: Natuma pesa, mninunulie jozi Langoni.

Ami Swaleh: Mimi jozi mbili. Ziwe za pamba.