Ushauri: yoti ya matanga ya zamani kwa familia, tuchukue ndogo iliyo nzima au kubwa ya kurekebisha?

Baba Wawili:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa wanaojua vyombo vya matanga maana hapa tulipofika tumekwama. Mimi na mke wangu tunatafuta yoti ya zamani ya faiba, watoto tunao wawili mmoja ana miaka 6 mwingine 9, lengo letu ni kutembea pwani pwani, wikiendi tunalala humo na likizo tunaunganisha wiki mbili tatu. Kuvuka bahari kuu haipo kwenye mipango kabisa. Kozi tumesoma wote na vya kukodi tumeviendesha, kununua ndio hatujawahi.

Baada ya kuchuja tumebaki na mbili. Ya kwanza Westerly Centaur ya 1974, futi 26, ile ya mikuku miwili (yale mapezi mazito ya chini ya chombo). Mwenye nayo kakaa nayo muda mrefu, injini ya zamani alitoa akaweka dizeli ya Yanmar, waya zinazoshikilia mlingoti sio za zamani na risiti anazo, ndani imechakaa lakini kavu. Ya pili Catalina 30 ya 1977. Hii bwana ukiingia ndani hutaki kutoka, nafasi kibao, mke wangu ameipenda sana. Ila ina injini ya petroli ile Atomic 4, deki inabonyea kidogo ukikanyaga karibu na mlingoti, na waya hakuna anayejua zilifungwa lini.

Bei zao zinakaribiana. Tukishanunua yoyote kati ya hizo tunabakiwa na kama robo ya bajeti. Mngekuwa nyie mngechukua ipi na kwa nini?

Nanga Nzito:
Centaur, bila kujiuliza mara mbili. Hiyo robo kwenye Catalina inaisha kabla hujaiona bahari.

Tanga Mbele:
Mimi napingana na mkuu hapo juu. Watu wanne kwenye futi 26, mvua inanyesha siku mbili mfululizo mmejifungia ndani, nguo mbichi, jiko linawaka, mtoto anataka kwenda chooni na choo kipo kati ya kitanda cha mbele na sebule, hapo ndio utajua futi 4 zina maana gani. Na isitoshe sio urefu tu, Catalina 30 ina upana wa kama mita 3.3 wakati Centaur ni mita 2.6 hivi, ukizidisha urefu kwa upana kwa kimo unapata chombo cha aina nyingine kabisa. Mtoto wa miaka 9 baada ya miaka minne ni mtu mzima kwa kimo, atalala wapi? Familia nyingi zinaacha huu mchezo kwa sababu ya kubanana wala sio kwa sababu ya mawimbi. Catalina 30 zimetengenezwa kwa maelfu, vipuri na maelezo yapo, kila ugonjwa wake unajulikana na tiba yake inajulikana.

Fundi wa Yadi:
Mleta uzi umeeleza vizuri, hujaficha kitu, kwa hiyo na mimi nitakueleza kama ninavyoona yakiletwa yadi.

Tuanze na hilo la deki kubonyea. Deki za vyombo hivi nyingi ni kama andazi la nyama, faiba juu, faiba chini, katikati wameweka mbao, inaweza kuwa balsa au plaiwudi. Maji yanapenya kwenye matundu ya skrubu, yale ya vishikio na ya vyuma vya kufungia kamba, yakishaingia hayatoki, mbao inaoza polepole miaka na miaka huku juu panang'aa. Ukikanyaga pakabonyea maana yake faiba ya juu imeachana na kiini. Sasa kubonyea pembeni pembeni ni kazi ya kuchosha tu, unakata, unakwangua, unajaza upya, unafunika. Lakini wewe umesema karibu na mlingoti! Mlingoti wa Catalina 30 haushuki mpaka kwenye mkuku, umekaa juu ya deki, na mzigo wake wote unapita kwenye deki unashuka kwenye nguzo iliyopo ndani. Kiini cha hapo kikioza deki inazama, waya zinalegea, mtu anakaza, inazama tena. Kutengeneza hapo lazima mlingoti ung'olewe. Na mlingoti ukishang'olewa na waya hujui umri wake, hakuna fundi mwenye akili atakurudishia zile zile.

Waya nazo zina ubaya wake, chuma kisichoshika kutu huwa kinaoza kwa ndani, pale waya unapoingia kwenye kile kichwa kilichobanwa, kwa macho unaona safi tu. Makampuni mengi ya bima yanaanza kuuliza maswali zikifika miaka 10 na kuendelea. Usipoweza kuonyesha tarehe, hesabu kwamba ni za kubadilisha.

Halafu kuna mkuku. Catalina 30 nyingi za miaka ya 70 zina mbao zilizofukiwa ndani ya faiba kwenye ngama (ile sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo), juu ya pale mkuku unapofungiwa. Ngama ikikaa na maji mbao inalowa, ukikaza boliti zinakaza zinazidi kudidimia, na kwa nje unaona ufa mbele pale mkuku unapokutana na bodi, ufa uliopinda kama mdomo unaotabasamu, ndio maana wenyewe wanauita tabasamu la Catalina. Sio kila ufa ni balaa, mwingine ni rangi na puti vimeachia tu, ila lazima ajue mtu aliyeikagua ikiwa juu ya nchi kavu.

Kwa hiyo kabla ya petroli tayari una deki, waya na labda mkuku. Tanga Mbele yupo sahihi kabisa kuhusu nafasi, simpingi, lakini nafasi hiyo unainunua mara mbili.

Baba Wawili:
Duh, fundi nashukuru sana, hilo la mlingoti kukaa juu ya deki sikulifikiria kabisa. Na injini ya petroli je? Muuzaji anasema Atomic 4 ni injini ngumu haifi.

Fundi wa Yadi:
Hajadanganya, ni injini nzuri, iko laini haina mtetemo, na vipuri bado vinapatikana ingawa walishaacha kuitengeneza miaka ya 80. Ishu sio injini, ishu ni mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, ukivuja hauruki juu, unashuka ngama unajikusanya pale chini unasubiri cheche. Kwa hiyo kila ukitaka kuwasha unafungua kifuniko, unanusa, unawasha feni ya kutoa hewa dakika kadhaa ndio unapiga stata. Mtu mzima anayejipangia anaweza kuishi nayo miaka yote. Wenye watoto wanaolala juu ya hiyo ngama nawashauri dizeli. Na kubadilisha kwenda dizeli ni tangi jipya, mabomba, misingi ya kukalishia injini, egzosi, pengine na propela, ukimaliza gharama inaweza kukaribia bei uliyonunulia chombo chenyewe.

Gesi ya kupikia vile vile, nayo ni nzito kuliko hewa. Popote utakaponunua angalia mtungi umekaa kwenye boksi lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu la kumwaga nje ya bodi. Huo usiufanyie mzaha.

Kana ya Mbao:
Kwa nini msiangalie Contessa 32? Kwenye mbio za yoti za Fastnet za 1979 zilizopigwa na dhoruba, vilianza vyombo 303, wakafa wanamashindano 15, na kwenye daraja la vyombo vidogo kabisa aliyemaliza alikuwa mmoja tu, Assent, ambayo ni Contessa 32. Chombo cha kuaminika kuliko hicho kwa pesa ya kawaida sikijui.

Mama Baharia:
Kaka Kana nakuheshimu na Contessa ni chombo kizuri, ila umeusoma uzi? Wanataka kutembea pwani na watoto. Contessa 32 ni nyembamba, iko chini majini, ndani ni ndogo kuliko urefu wake unavyokuambia, na inalala sana upepo ukija. Mtu mzima anafurahi, mtoto wa miaka 6 anatapika na kulia anataka kushuka. Usalama wa familia hii utatokana zaidi na kuangalia hali ya hewa na kutotoka siku mbaya.

Baba Wawili, nisikilize mimi niliyelea watoto humo. Usihesabu vitanda vilivyoandikwa kwenye tangazo. Tangazo likisema watu sita, kwa likizo ya wiki mbili ni watu wanne wanaopendana. Angalia kila mtoto ana kona yake ambayo haikunjwi asubuhi ili watu wanywe chai, hata iwe ndogo vipi, mtoto akishakuwa na shimo lake na taa yake na wavu wa kuwekea vitu vyake habari ya chombo kuwa kidogo humsikii anaitaja. Angalia sehemu ya usukani ina kina kiasi gani, mtoto akikaa mgongo unazuiwa au anachungulia bahari. Angalia nguzo na waya za pembeni zinafika wapi kwenye mwili wake, na mfunge wavu kuzunguka. Ngazi ya kushukia ndani awe anaweza kuishuka mwenyewe huku chombo kinacheza. Ngazi ya kupandia kutoka majini iwe inafika chini ya maji vya kutosha na aliyeanguka aweze kuishusha mwenyewe. Laifu jaketi zenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, bila huo mkanda mtoto anachomoka nalo linabaki juu.

Na swali kubwa kuliko yote, mama peke yake anaweza kukiendesha? Wewe ukiteguka mgongo au ukaanguka majini, yeye na watoto wawili wanaweza kushusha tanga, kuwasha injini na kurudi kukuchukua? Kwenye futi 26 anaweza. Kwenye 30 pia anaweza lakini matanga ni makubwa, winchi ni nzito, na kusukuma tani nne na nusu kutoka gatini upepo ukiwa pembeni ni kazi nyingine. Jaribuni, yeye ashike kila kitu wewe ukae kimya.

Tanga Mbele:
Hili la mama nakubali. Ila mwendo je? Chombo kirefu kinakimbia.

Fundi wa Yadi:
Kinakimbia ila kidogo sana. Mwendo wa hivi vyombo unafungwa na urefu wa pale maji yanapogusa, unachukua kipeo cha pili cha urefu huo kwa futi unazidisha na 1.34. Centaur ina futi 21 na kidogo, inakuja kama maili 6.2 za baharini kwa saa. Catalina 30 ina futi 25, inakuja 6.7. Kwa safari ya siku nzima mtapishana chini ya saa moja. Ukienda kinyume na upepo kweli Centaur itaachwa zaidi, mikuku miwili haikati vizuri, hilo likubali mapema usije ukakasirika.

Lakini faida yake ni kwamba inahitaji kina cha kama mita 0.9 tu, maji yakipwa inasimama yenyewe kwenye mchanga, watoto wanashuka wanacheza. Unaingia kwenye vijito ambavyo wenye mkuku mrefu wanavitazama kwa mbali.

Baba Wawili:
Na udhaifu wa Centaur ni upi, maana nimesikia mambo ya mikuku kuachia. Pia kwenye picha za chini naona malengelenge kwenye rangi.

Fundi wa Yadi:
Umesikia kweli. Mikuku imetoka pembeni, chombo kikikaa chini na kutikiswa na mawimbi kila siku mikuku inasukumwa kwa ubavu na faiba ya pale kwenye maungio inanyumbuka. Nyingi zimeshaongezewa faiba kwa ndani, muulize muuzaji kama ilifanyika na nani alifanya. Nyanyua mbao za sakafuni upige tochi kuzunguka kila boliti. Unatafuta nyufa zinazosambaa kama miale, michirizi ya kutu, au maji yanayorudi baada ya kufutwa. Ikiwa imenyanyuliwa na mashine, mtu mmoja asukume mkuku kwa ubavu mwingine aangalie ndani.

Malengelenge usiyaogope sana. Maji yanapenya kwenye jelikoti, ule utando wa nje wa faiba, yanachanganyika na kemikali zilizobaki kwenye faiba, ukitoboa moja linatoa maji yenye harufu ya siki. Yakiwa machache unakwangua unakausha unajaza epoksi unaendelea na maisha. Yanakupa nguvu ya kushusha bei, na wauzaji wengi wanajua hilo. Mimi ningeogopa zaidi vali za chini ya maji, kama ni za shaba nyeupe ya kawaida huwa zinaliwa na bahari, zinki inatoka inabaki chuma cha rangi ya waridi kinachovunjika kwa mkono. Gonga kidogo, kwangua kidogo, angalia rangi.

Nanga Nzito:
Niongeze moja, siku ya kwenda kuangalia injini mwambie asiwashe kabla hujafika. Ukifika kitu cha kwanza weka mkono kwenye injini. Kama ina joto, omba urudi siku nyingine. Dizeli nzima inawaka ikiwa baridi bila kuhangaika, na maji yanatoka kwenye egzosi ndani ya muda mfupi. Moshi wa bluu usioisha ni oili inaungua.

Baba Wawili:
Wakuu nimerudi. Jana tulienda kuiona Centaur wote wanne. Injini ilikuwa baridi kabisa, ikawaka mara ya kwanza. Nimegonga deki nzima kwa mpini wa bisibisi, inalia kavu isipokuwa kipande kama kiganja pembeni ya kishikio kimoja. Kwenye mikuku faiba imeongezwa, inaonekana kabisa, na mzee ana picha za kazi yenyewe. Mke wangu ndiye aliyeitoa gatini na kuirudisha, mimi nilikaa kimya kama alivyosema Mama Baharia, japo ilikuwa ngumu. Mdogo kajichagulia kitanda cha nyuma kule pembeni hataki kutoka. Mkubwa ndiye kanuna kidogo, kasema ile nyingine ilikuwa nzuri zaidi.

Tumetoa ofa kwa sharti la ukaguzi, mkaguzi tumemtafuta wenyewe sio wa muuzaji. Swali la mwisho, kwenye hiyo robo iliyobaki nianze na nini?

Fundi wa Yadi:
Vali zote za chini na mabomba yake, kabla haijarudi majini. Kisha nanga kubwa kuliko iliyopo na mnyororo wa kutosha. Kile kipande cha deki fungua kishikio ukikaushe mwaka huu huu kisisambae. Matanga subiri msimu mmoja uyajue kwanza.

Mama Baharia:
Na mkubwa mpe kitanda cha mbele kiwe chake, nyie wakubwa laleni sebuleni. Mlango awe anafunga mwenyewe.