Aliyeikata Firefly njiani: tunamdai mwisho, au yamekwisha?

Wa Mikindani (mfungua hoja)

Hoja hii imewagawa wapenzi wa tamthilia za anga za juu, Mtwara mpaka Lindi: kituo cha runinga kikiikata tamthilia kabla hadithi haijafika, je, watazamaji wanakidai kipande cha kumalizia? Nasema wanakidai, na shahidi wangu ni Firefly, tamthilia ya Kimarekani ya mtunzi Joss Whedon.

Kwa asiyeijua: ni mwaka 2517. Nahodha Malcolm Reynolds, aliyepigana upande ulioshindwa vitani, anazunguka sayari za pembezoni na chombo kikuukuu kiitwacho Serenity. Anabeba mizigo halali na ya magendo, na ndani kawaficha daktari na mdogo wake wa kike wanaosakwa na serikali. Kituo cha Fox cha Marekani waliianza Ijumaa, 20 Septemba 2002. Vilitengenezwa vipande 14, vikarushwa 11, na Desemba hiyohiyo ikafutwa.

Kukatwa peke yake ningevumilia. Angalieni ilivyorushwa. Kipande cha ufunguzi, "Serenity", ndicho kinachoonyesha daktari alivyopanda chomboni na kwa nini anakimbia. Fox walikiweka kabatini, wakakirusha 20 Desemba, siku ya kuzika. Mahali pake Whedon na mwandishi mwenzake Tim Minear wakaandika "The Train Job" kwa haraka, Jumamosi na Jumapili. "Shindig" na "Safe", vya nne na tano, vikaja baada ya "Out of Gas" ambacho ni cha nane. Katikati ya Oktoba wiki moja ikaliwa na besiboli. "Trash", "The Message" na "Heart of Gold" havikurushwa kabisa. Mtu anavuruga bidhaa yake kwa mkono wake, kisha anatangaza kwamba haina wateja.

Hesabu Kwanza, Masasi

Kaka wa Mikindani, machungu nayaelewa, deni silioni. Firefly ilivuta wastani wa watu milioni 4.7 na kushika nafasi ya 98 katika orodha ya Nielsen, kampuni inayopima watazamaji Marekani. Fox ni kituo kinachoishi kwa kuuza dakika za matangazo, na saa mbili usiku wana bei yao.

Najua mtasema kipimo kile ni cha uongo kwa sababu kilitumia kaya 5,000 hivi kuwakilisha zaidi ya milioni 100. Lakini mpima ubora wa korosho ghalani hamwagi kila gunia. Anachoma bambo, anatoa punje, na bei ya shehena nzima inatoka hapo. Sampuli ikichukuliwa vizuri inatosha.

Kuna na hesabu ya pili watu huiruka. Marekani kituo hakilipi gharama zote za kutengeneza. Studio inabeba pengo na kutegemea kulirudisha baadaye, kwa kuuza marudio kwa vituo vingine. Marudio ya kila siku yanahitaji vipande vingi, na lengo la biashara lilikuwa karibu 100. Sizoni moja ni 22. Maana yake studio inatembea na hasara miaka minne kabla ya kuvuna. Tamthilia iliyoshika nafasi ya 98 katika mwaka wa kwanza, nani ataibeba mitatu mingine?

Na mwisho mlipewa. Mwaka 2005 studio ya Universal wakatoa filamu ya Serenity, inayoendeleza hadithi ya Firefly. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 39, mauzo ya dunia nzima kama milioni 40, na karibu nusu ya mauzo hubaki kwa wenye kumbi. Soko likajibu mara ya pili.

Dada wa Lindi

Bambo lako nalikubali, kaka. Ila linapima kilichomo guniani, haliulizi nani alimwagia maji usiku. Ile milioni 4.7 ni kipimo cha Firefly iliyokatwa kichwa na kurushwa Ijumaa usiku, wakati vijana ambao watangazaji wanawataka hawapo nyumbani.

Na Ijumaa hiyo ina historia. Star Trek, tamthilia nyingine ya anga, ilipotaka kufutwa mwaka 1968, mashabiki waliandika barua kwa wingi na kituo cha NBC wakairudisha. Kisha wakaipeleka Ijumaa saa nne usiku, na mwaka 1969 ikaisha na vipande 79. Havikufika 100 vyako, lakini vilipouzwa kwa vituo vya mitaani ndipo ikawa Star Trek tunayoijua. Kwa hiyo kipimo cha usiku wa kwanza hakikujua thamani ya mali.

Wa Newala

Nyote wawili mnabishania kaya za Marekani. Wa huku tunaowekewa muvi kwenye flashi pale stendi, nani anatuhesabu? Hatumo kwenye Nielsen, hatumo kwenye mauzo ya DVD. Anayedai awe na risiti.

Fundi wa Chikongola

Kabla hamjaendelea. Nusu ya wanaosema "Firefly haieleweki" hapa Mtwara hawajaiona Firefly. Wameona faili zilizovurugika, na zinavurugika kwa njia tatu.

Ya kwanza ni mpangilio. Runinga nyingi zinacheza flashi kwa kufuata alfabeti. Faili zikiwa na majina ya vipande tu, utaanza na "Ariel", ambacho ni cha tisa, na ufunguzi, "Serenity", utakuja wa tisa. Yaani flashi inafanya kosa la Fox bila kuambiwa. Badilisha majina, weka namba mbele, na iwe 01, 02, 03, siyo 1, 2, 3, maana vifaa vingi vitasoma 10 kabla ya 2. Mpangilio wa mtunzi ni huu: Serenity, The Train Job, Bushwhacked, Shindig, Safe, Our Mrs. Reynolds, Jaynestown, Out of Gas, Ariel, War Stories, Trash, The Message, Heart of Gold, Objects in Space. Filamu inafuata baada ya 14 zote. Jina lake na la kipande cha kwanza ni lilelile, na hapo wengi wanateleza: wanafungua filamu, wanaona nani anakufa, hamu imekwisha.

Ya pili ni maandishi ya chini. DVD za Ulaya zinacheza fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, za Marekani ni 23.976. Picha ya Ulaya inakwenda kasi zaidi kwa asilimia 4 na kidogo. Ukiweka maandishi ya toleo la Marekani juu ya picha ya Ulaya, mwanzoni yanakaa sawa. Dakika ya kumi yamechelewa sekunde 25. Kipande kikiisha yamechelewa zaidi ya dakika moja na nusu, mtu kashapigwa risasi bado maandishi yanamwamkia. Watu wanabonyeza G na H kwenye VLC, programu ya kuchezea video, kuyasogeza, baada ya dakika tano yamepotea tena, wanasema faili bovu. Vitufe vile vinasogeza yote kwa kiasi kilekile, na tatizo hapa ni mwendo. Fungua maandishi kwa programu ya Subtitle Edit, nenda mahali pa kubadili kasi ya fremu, toka 23.976 kwenda 25, hifadhi. Yape jina lilelile la video, 01 na 01, la sivyo runinga haitayaona.

Ya tatu ni umbo. Tamthilia ilipigwa kwa upana wa 16:9, umbo la skrini pana, Fox wakairusha 4:3, umbo la TV za zamani. Nakala iliyorekodiwa kutoka hewani imekatwa pembeni, na kwenye tamthilia yenye watu tisa chomboni, pembeni kuna mtu. Mwenye TV ya chogo akubali michirizi myeusi juu na chini. Akivuta picha ijae, kila mtu anakuwa na uso wa twiga.

Baada ya hapo mbishane kama ni nzuri.

Mkalimani, Nachingwea

Fundi, shikamoo kwa hilo la fremu, umeniokolea kesi nyingi.

Naongeza la kutafsiri. Wahusika wa Firefly wanatukana Kichina, na mtunzi hakuweka maandishi ya chini kwa makusudi. Mtazamaji hatakiwi kujua neno, anatakiwa kusikia hasira. DJ anayeingiza sauti ya Kiswahili akilitafsiri tusi analiharibu, akilinyamazia anaacha shimo. Njia nzuri ni kushusha sauti yake hapo na kuiacha ya mhusika ipite.

Kwenye hoja yenyewe, msisahau Sense8, tamthilia ya Netflix ambayo mguu wake mmoja uko kwetu: Capheus, dereva wa matatu jijini Nairobi, gari lake likiitwa Van Damn. Ina mambo ya wakubwa, watoto walale. Watu wanane katika miji ya mabara tofauti wanaunganishwa akili, na watengenezaji walikwenda kupiga picha kwenye miji yenyewe. Gharama ikawa ya kutisha. Netflix wakaifuta 1 Juni 2017 baada ya sizoni mbili, katikati ya utekaji. Mashabiki wakapiga kelele, na kabla mwezi haujaisha Netflix wakakubali kipande kimoja cha mwisho. Kilitoka 8 Juni 2018, kina zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo kulipa deni kunawezekana.

Hesabu Kwanza, Masasi

Kunawezekana Netflix ikitaka. Hiyo ni hisani, na hisani haidaiwi.

Tena angalieni kinachookoa tamthilia kweli. The Expanse, nayo ya anga, ilifutwa na kituo cha Syfy Mei 2018 baada ya sizoni tatu. Mashabiki wanajisifu kwa ndege iliyovuta bango juu ya ofisi za Amazon. Sawa, bango zuri. Lakini Syfy walikuwa na haki ya kuirusha kwanza hewani Marekani tu, na tamthilia ilikuwa ya Alcon, studio iliyoitengeneza. Kituo kikitoka, mwenye mali anakwenda dirisha la pili. Amazon wakaichukua, ikaenda sizoni tatu zaidi. Firefly kituo na studio vilikuwa nyumba moja, Fox na Fox. Ungeipeleka wapi?

Na "kipande kimoja tu" si rahisi kama mnavyosema. Siku ya kufuta, mikataba ya waigizaji inafunguliwa na seti zinavunjwa. Ndani ya Serenity kulijengwa kwa ukubwa kamili, sitaha ya juu kwake na ya chini kwake. Kwa ajili ya filamu ilibidi vijengwe upya.

Dada wa Lindi

Ndiyo maana mwisho upigwe kabla ya kuvunja. Tamthilia ya Jericho ya kituo cha CBS ilifutwa 2007. Mashabiki wakatuma karanga zaidi ya tani 18 ofisini kwa sababu ya neno moja la mhusika, "Nuts", ambalo kwa Kiingereza ni karanga na pia ni jibu la kukataa. (Sisi tungetuma korosho, wangerudisha sizoni kumi.) CBS wakatoa vipande saba, na watengenezaji wakapiga miisho miwili: mmoja wa kuendelea, mmoja wa kufunga. Ilipofutwa tena 2008, ukarushwa wa kufunga. Gharama yake ni siku chache za kazi na seti bado imesimama.

Wa Mikindani (mfungua hoja)

Dada kanipa nilichokuwa natafuta, basi naibana hoja. Simdai Fox kipande cha 2003. Nasema mkataba wa sizoni ya kwanza utaje mwisho wa akiba, upigwe kabla seti haijabomolewa. Mtunzi J. Michael Straczynski alifanya hivyo kwenye tamthilia yake ya anga, Babylon 5, bila kulazimishwa. Alipanga hadithi ya miaka mitano, kila mhusika akamwekea mlango wa dharura wa kutokea muigizaji akiondoka. Sizoni ya nne ilipoonekana ndiyo ya mwisho, akapiga kabisa kipande cha kufunga, "Sleeping in Light". Kituo cha TNT walipojitokeza kulipia ya tano, akakitoa, akapiga kingine cha kufunga ya nne, na kile cha kwanza kikangoja mpaka Novemba 1998.

Hesabu Kwanza, Masasi

Kaka, kwa hiyo umehama. Ulianza unamdai mwenye kituo, sasa unamdai mwandishi apange vizuri. Hapo nakubali, mradi gharama ya kile kipande kilichokaa kabatini zaidi ya mwaka ihesabiwe kwenye bajeti ya studio, isisukumwe kwa kituo.

Wa Mikindani (mfungua hoja)

Sijahama. Nusu kwa nusu. Anayepanga ratiba naye awe na pesa yake ndani, ndipo atafikiri mara mbili kabla ya kurusha cha kwanza mwisho.

Wa Newala

Fundi, hizo zenye namba 01 mpaka 14 unaziweka lini? Flashi ninayo, gigabaiti 16.