Rilei ya gari kwenye ndege ya kujijengea: iruhusiwe au ipigwe marufuku?

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja iliyotugawa bandani, tunakojenga ndege yetu, tangu tuanze kutandika waya, na naomba tuijadili kwa uzito wake, maana ndege hii itabeba watu.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kazi hiyo nimeifanya Arusha miaka mingi kabla sijahamia Ohio, Marekani. Huku mtu wa kawaida anaruhusiwa kujijengea ndege na kuirusha, mradi sehemu kubwa ya ujenzi imefanywa na watu wanaojifunza au kujifurahisha, si wa biashara. Mamlaka ya anga, FAA, huikagua na kuipa cheti cha ndege ya majaribio. Kwa kawaida saa 40 za mwanzo, au 25 kama injini na propela yake ni za aina iliyothibitishwa, huruka mbali na makazi ya watu na bila abiria. Kubwa kwetu hapa ni hili: tofauti na ndege za kiwandani, kwa vifaa vingi, rilei zikiwemo, sheria haimlazimishi mjenzi kufunga vyenye kibali cha anga. Anachagua mwenyewe.

Rilei mnaijua. Swichi yenye koili ndani, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme kidogo unaamsha sumaku, sumaku inavuta ulimi, ulimi unagonganisha pointi, yaani vichuma vya kugusana, na umeme mkubwa unapita. Ile ya gari ni kijisanduku cheusi chenye miguu iliyoandikwa 30, 85, 86 na 87. Bei yake ni ya chakula cha mchana. Ile iliyotengenezwa kwa vipimo vya jeshi la Marekani, MIL-PRF-6106, inaweza kukugharimu zaidi ya dola mia kwa moja tu.

Bandani upande mmoja unasema: kwa roho ya mtu usihesabu dola, marufuku rilei za gari. Upande wa pili unajibu: rilei hizi zimetetemeshwa na barabara mbovu na kuchomwa na joto la injini kwenye mamilioni ya magari, kuna kifaa gani kilichojaribiwa kuliko hicho?

Msimamo wangu: ziruhusiwe, ila si kila mahali. Kabla ya kuuliza ni rilei gani, uliza hivi: ikifa dakika hii, rubani anabaki na nini?

Rilei hufa kwa namna mbili. Kuna kugoma kufunga, na kuna kugoma kuachia, pale pointi zinapoungana kama zilizochomelewa. Mafundi wengi huwaza ile ya kwanza tu. Sasa fikiria mota ya flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) ambayo rilei yake imegoma kuachia: rubani ameondoa kidole kwenye swichi na flapu bado zinashuka. Au pampu ya mafuta ya injini inayotegemea umeme mia kwa mia, nayo imepewa rilei moja tu njiani. Hapo hata ukileta rilei ya bei ya ng'ombe, bado injini nzima umeining'iniza kwenye springi moja. Mimi pampu kama hiyo ningeipeleka moja kwa moja kwenye swichi nzito na fyuzi, na pampu ya pili iwe na njia yake.

Lakini taa za kutua, kipasha joto cha viti, soketi ya kuchajia simu? Weka ya gari, ikifa mtaonana nayo chini.

Nieleze kilichonifanya nilete mada hii. Kwenye mradi mmoja niliitwa kuangalia kontakta ya betri, yaani ile rilei kubwa inayounganisha betri na ndege nzima. Mwenyewe alilalamika betri inaisha haraka. Tukaiwasha, tukakaa kama dakika ishirini, nikaigusa. Mkono haukukaa. Nikaitoa na kupima ukinzani wa koili: omu 3 na ushee. Nikajua papo hapo. Alikuwa ameuziwa kontakta ya stata, yaani ya mota ya kuwashia injini. Kwa nje zinafanana kama mapacha: kopo lilelile, boliti mbili zilezile za shaba. Ila ya stata imeumbwa kufanya kazi sekunde chache tu na koili yake inakula ampea 4 hivi. Ya betri imeumbwa kukaa imewashwa safari nzima, koili yake iko karibu omu 15 na inakula chini ya ampea 1. Fanyeni hesabu: volti 12 mara ampea 4 ni wati 48 za joto zimefungiwa kwenye kopo lisilo na pa kupumulia. Ingeungua angani, na ikiungua ndege inapoteza betri, inaweza hata kuzimika umeme wote. Na hiyo ilinunuliwa kwenye duka la vifaa vya ndege, siyo gereji. Kosa halikuwa ubora. Lilikuwa la kifaa kizuri kuwekwa mahali pasipo pake.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Kaka, nimekusoma vizuri na nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Mimi ni fundi wa ndege mwenye leseni, niko uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi. Sisi kifaa bila karatasi hakipandi kwenye ndege. Kinakuja na fomu ya FAA 8130-3 au Form 1 ya EASA, mamlaka ya anga ya Ulaya, inayosema kimetoka wapi na nani amekithibitisha. Rilei yako ya gari inakuja na nini? Maandishi ya 40A yaliyochapwa juu ya plastiki. Nani alipima hizo ampea?

Jambo la pili ni mtetemo. Gari linatetemeka, ndio, lakini injini ya ndege yenye silinda nne inapiga mtetemo wa namna moja kwa saa tatu mfululizo. Pointi zinazogusana wakati koili imelala zinashikwa na springi tu, hakuna sumaku ya kuzikaza. Hizo ndizo zinazoanza kuchezacheza. Nimeona watu wanapitisha saketi muhimu kwenye mguu wa 87a, ule unaogusa wakati rilei imezimwa, na hawana habari.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma: ukisema fundi achague mwenyewe, wewe utachagua kwa akili yako kwa sababu unajua. Anayekuja nyuma yako atachagua kwa mfuko wake.

Mchangiaji wa pili:

Wakubwa, kwa nini tusiachane na pointi kabisa tukaweka rilei za transista? Hazina kitu cha kucheza wala kuungua kwa cheche.

Mleta mada:

Mdogo wangu, za transista ni nzuri na nimezitumia kwenye taa. Ila zina mambo mawili. Zinapata joto zikibeba mzigo, kwa hiyo zinataka bati la kupoozea. Na zikifa, mara nyingi hufa zimefunga, yaani kinaendelea kuwaka ulichotaka kuzima. Kwa mota ya flapu au ya trimu (kifaa cha kusawazisha ndege ili rubani asikaze usukani muda wote), hapo umerudi palepale. Ukinunua ya aina yoyote ile soma pia kama ni ya umeme wa betri: ya pointi iliyoandikwa volti 250 za umeme wa nyumbani, mara nyingi kwa betri mwisho wake ni volti 30. Umeme wa nyumbani hupita sifuri mara 100 kwa sekunde huko Afrika Mashariki, 120 huku Marekani, na cheche inajifia. Wa betri haupiti sifuri, cheche inang'ang'ania.

Sasa kwako wa Wilson. Kuhusu ampea zilizoandikwa tu bila aliyezipima umenishika, na nitaongeza ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Niliwahi kupasua rilei mbili kwa msumeno mdogo, zote zimeandikwa 40A. Ya kampuni inayojulikana ilikuwa na msuko wa shaba mnene kama uzi wa kiatu ukienda kwenye ulimi. Ile isiyo na jina ilikuwa na msuko ambao ningeweza kuukata kwa kucha, na pointi ndogo kama punje ya mtama. Ampea 40 pale ni ndoto. Kwa hiyo nakubali: isiyo na jina la mtengenezaji isiingie bandani. Na la 87a nalichukua kama lilivyo, saketi muhimu isipite hapo.

Lakini karatasi inathibitisha kifaa, haithibitishi saketi. Yule wa kontakta ya stata angeweza kuwa na karatasi zote na bado angeweza kuzimikiwa hewani.

Ndiyo maana hofu yako ya tatu nataka tuijibu kwa jaribio. Kabla ya kumwita mkaguzi, mjenzi awashe injini ndege ikiwa imefungwa chini, halafu achomoe rilei moja moja, aandike kilichozimika. Akimaliza, aunge kwa waya pale rilei ingefunga, aandike kilichogoma kuzimika na alikizima kwa njia gani. Anayechagua kwa mfuko ataumbuliwa na karatasi yake mwenyewe, iwe rilei ni ya dola tano au mia mbili.

Sisi tunaanza Jumamosi na pampu ya mafuta. Kama huko Wilson mna fomu ya kazi inayofanana na hiyo, niwekee hapa vichwa vya safu zake, nisije nikasahau kupima kitu.

Mchangiaji wa kwanza:

Vichwa nitakuletea kesho nikiwa kazini. Kwenye marufuku sijahama. Ila ongeza safu ya kipimo cha koili baridi na koili moto, ulichokigundua kwa mkono kinapaswa kuonekana kwa mita.