Nitajuaje kama ni wito au nimechoka na kazi?

Fundi_wa_Moshi: Shalom wapendwa. Nina miaka 34, fundi magari, mke na watoto wawili. Tangu Pasaka, kila nikilala chini ya gari linanijia neno moja tu: "Kahubiri." Mama mkwe anasema ni wito. Mimi naogopa. Mwaka huu gereji imelala, nadaiwa kodi, nisije nikawa namkimbia mwenye nyumba kwa kisingizio cha madhabahu. Mliopita njia hii mlijuaje?

Mama_Mchungaji: Mwanangu, Samweli aliitwa mara tatu akikimbilia kwa Eli. Mzee ndiye aliyemfumbua macho. Usijipime peke yako, kamwone mchungaji wako. Halafu umemtaja mama mkwe, mkeo mbona hujamtaja? Nimeishi nyumba ya usharika miaka 20, najua nisemalo.

Mwinjilisti_mstaafu: Kwetu Walutheri wa KKKT huendi chuo cha theolojia Makumira kwa sababu umeota. Usharika ukupendekeze, dayosisi ikupeleke. Kwa sasa omba kuongoza ibada za jumuiya, tembelea wagonjwa, usifunge gereji. Mimi sikujulia mimbarini. Nilijua siku tulipomzika mtoto wa jirani: maneno yaliniishia kabisa, lakini sikutamani kuwa mahali pengine.

Kijana_wa_kwaya: Na mshahara wa mchungaji je? Au hilo haliulizwi 😄

Fundi_wa_Moshi: Mama, umenishika. Mke wangu sijamwambia. Leo jioni, nikishanawa grisi.